Umestaafu? Anza na saa mbili kwa wiki
Kosa la wastaafu wengi ni kujitolea kwa pupa: kamati tatu kwa mpigo, kisha wanachoka na kuziacha zote. Chagua kazi moja, siku moja, saa mbili. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020, uliofuatilia karibu watu 13,000 wenye zaidi ya miaka 50, uliona waliojitolea angalau saa 100 kwa mwaka wakiwa na hatari ndogo ya kufa mapema. Saa mbili kwa wiki zinafika hapo. Na usikimbilie uenyekiti (vikao umeshakaa vya kutosha!). Kaa na mtoto mmoja anayesuasua kusoma, ufuate kidole chake kwenye mstari. Akikuuliza, “Mwalimu, Jumanne utakuja?” utajikuta unapiga pasi shati tangu Jumatatu jioni.