Kabla hujaniambia "nipe oili ya gia"

Wateja wengi wanaofika dukani kwetu Gerezani huanza hivi: "Dada, nipe oili ya gia, tisini." Nikiuliza ni ya giaboksi au ya difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwenye matairi, mtu ananitazama kana kwamba namchelewesha makusudi. Sasa swali lenyewe ndilo hilo. Tisini ni uzito tu. Makopo mawili yote yameandikwa 90, na ndani mna oili mbili tofauti kabisa. Kitu cha kutazama kwanza ni herufi GL na namba inayozifuata, ndilo daraja la oili.

GL-5 ilitengenezwa kwa ajili ya difu ya nyuma. Kule meno ya gia yanagandamizana na kuteleza juu ya mengine huku yamebeba nguvu yote ya gari, na ili chuma kisilane na chuma, oili huwekewa dawa ya salfa na fosforasi, karibu mara mbili ya iliyomo kwenye GL-4, ile ya giaboksi. Giaboksi ya manyuo, ile ya kubadili gia kwa mkono, ina kitu ambacho difu haina: pete za sinkronaiza, ambazo kwenye magari mengi ni za shaba. Unapotoka gia namba mbili kwenda tatu, pete ndiyo inayoikamata gia na kusawazisha mwendo ili iingie bila kelele. Inakamata kwa msuguano. Ukiipa oili yenye utelezi mkali kupita kiasi inashindwa kushika, gia inakwaruza. Na baadhi ya dawa za GL-5, giaboksi ikishapata moto, zinaila shaba yenyewe taratibu. Hilo hutaliona wiki ya kwanza, ndiyo maana fundi aliyekujazia atakuapia kwamba haina shida.

Kirikuu, kile kipikapu kidogo cha mizigo, ndilo gari ninalolitolea mfano kila siku, kwa sababu limejaa mjini na karibu kila anayekuja ana la kwake au la bosi wake. Giaboksi iko kati, propela shafti inakwenda nyuma, difu iko nyuma. Gari moja, oili mbili: GL-4 kwenye giaboksi, GL-5 kwenye difu. Kinachofanyika mtaani ni kununua dumu moja la GL-5 na kugawa kotekote. Difu haina neno. Giaboksi ndiyo inayolipa.

Corolla na Starlet za manyuo, zile za kuvutwa na matairi ya mbele, ni habari nyingine. Difu yake imo ndani ya giaboksi ileile, na meno yake si ya aina ile ya difu ya nyuma, kwa hiyo GL-4 inawatosha wote wawili. Tena, msinielewe vibaya: kuna Toyota ambazo kitabu chake kinaruhusu GL-4 au GL-5. Kikiruhusu, sina ugomvi. Ila kama zote mbili ziko rafuni, mimi nakupa GL-4.

"Kitabu chenyewe cha Kijapani, dada!" Najua. Magari yetu mengi yanashuka bandarini na kitabu kisichosomeka. Lakini hata kwenye Kijapani, maandishi kama GL-4 na 75W-90 yameandikwa kwa herufi hizihizi zetu. Fungua kurasa za mwisho, kwenye jedwali la vipimo, utayaona yamekaa peke yake katikati ya yale mengine. Yasipoeleweka, elekeza kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri. Kitabu kimepotea? Kwenye Toyota fungua boneti, tafuta kibati cha namba ya chesisi, soma mstari wa TRANS/AXLE. Nipigie picha hiyo. Ni bora kuliko kuniambia "ni ile Toyota nyeupe".

Usidhani kila giaboksi ya manyuo inakunywa oili ya gia. Honda za zamani nyingi zilitumia oili ya injini, 10W-30. Land Rover zenye giaboksi ya LT77 zinatumia ATF, ile ya giaboksi za oto. Ukizijazia hizo tisini nzito, asubuhi gia zitakuwa ngumu hadi ujute. Na kopo lenye maandishi MT-1 lisikudanganye: hiyo ni ya malori na mabasi makubwa yenye giaboksi zisizo na sinkronaiza.

Kuhusu uzito sitasema mengi. Namba yenye W ni ya baridi. Kwa joto la Dar tofauti ya 75W-90 na 80W-90 ni ndogo, kitabu kikiruhusu chukua yoyote. Anayepeleka mizigo Njombe na Makete mwezi wa saba ndiye achukue 75W. Halafu 90 ya gia haifanani na namba za oili ya injini, vipimo vyake ni vingine. Kwa uzito halisi inakaribiana na 40 au 50 ya injini. Ninachokataa ni 140 kwenye giaboksi inayolia. Inaziba mlio wa beringi kwa muda, beringi inaendelea kufa, na gia zinakuwa nzito. Wanaouza magari wanaujua sana mchezo huo.

Kama gia inakwaruza hata ya rivasi na gari limesimama, anza na klachi. Usininunulie oili bure.

Nunua kopo lenye sili nzima na alama ya TBS, achana na ya kupimiwa kwenye chupa ya maji. Siku ya kumwaga, endesha kidogo oili ipate moto, simamisha gari mahali tambarare, kisha fungua boliti ya kujazia kwanza, ile ya juu. Ya juu ikigoma kufunguka na umeshamwaga ya chini, gari limelala hapo. Unga laini kwenye sumaku ya boliti ni kawaida; vipande vya chuma si kawaida. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na kwa waliokatiza mafuriko ya Jangwani hilo halinishangazi: giaboksi ya moto ikizama inavuta maji kupitia kipumulio chake. Hapo usisubiri kilomita za kubadilisha oili zitimie, mwaga siku hiyohiyo, na difu pia.

Jaza kwa bomba la mkono hadi oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la juu, iache itulie, funga. Weka washa mpya, ile pete bapa ya kuzuia uvujaji, kwenye boliti zote mbili. Kesho yake asubuhi chungulia chini; ukikuta tone, usiongeze nguvu kwenye spana ukaua nyuzi za boliti, njoo uchukue washa nyingine.