Ukili wa rafia usijikunje mapema

Anayejifunza kushona kofia au mkoba wa rafia hupata taabu zaidi pale katikati, ukili, yaani ukanda uliosukwa kwa nyuzi za rafia, unapoanza kuzungushwa, kwa sababu akiuvuta kwa nguvu duara hujikunja kama bakuli kabla ya wakati wake. Katika mizunguko ya mwanzo, ulegeze ukili kidogo kila unapopiga mshono, kisha uilaze kazi mezani na kuibonyeza kwa kiganja. Ikiinuka, fumua mzunguko wa mwisho tu. Duara likifikia upana wa utosi, ndipo uukaze ukili ili ukuta wa kofia ushuke. Nyuzi zilowanishwe kidogo kabla ya kusukwa, na ncha zake zisiishie zote mahali pamoja, kosa ambalo mimi mwenyewe nililirudia mara nyingi.