Kuvua mshipi Msasani jioni ukitoka kazini: hatua kwa hatua

Ghuba ya Msasani iko karibu na ofisi za Dar es Salaam kiasi kwamba anayetoka kazini saa 9 na nusu alasiri anaweza kuwa ametia nanga mnamo saa 11, akavua mpaka giza liingie vizuri, na kabla ya saa 4 usiku yuko nyumbani anapaa samaki. Mwongozo huu ni wa safari ya namna hiyo: ngalawa au boti ndogo, mshipi wa mkono, watu wawili watatu. Hauhusu kufuata nguru huko nje wala kukesha na karabai.

Jambo kubwa kuliko yote liko kwenye hatua ya kwanza. Anayevua usiku kucha anaweza kusubiri maji yabadilike, lakini wewe una jioni moja fupi, na lazima maji yawe upande wako tangu unapoondoka.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa mwezi

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua, yaani maji makubwa. Siku hizo Dar es Salaam tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na maji hujaa mnamo saa 10 au 11 jioni. Ukifika ufukweni unayakuta yamejaa tele na chombo kinaelea hapo hapo. Shida iko kwenye kurudi: saa 2 na nusu usiku maji yameshakwenda, na kati yako na mchanga mkavu kuna uwanda mrefu wa tope, majani ya bahari na mawe. Utakokota chombo gizani, au utakaa kusubiri hadi usiku wa manane.

Kwa hiyo hesabu tarehe za mwezi wa Kiislamu. Siku ninazozipendekeza ni kuanzia tarehe 5 hadi 8 za mwezi huo, na tena 20 hadi 23. Hapo bamvua inaisha na maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, yanaingia. Alasiri maji yanakuwa yameshakauka na kuanza kupanda, nawe unaondoka yakijaa, unavua yakijaa, na unarudi yakiwa yamekaribia kilele, kati ya saa 2 na saa 4 usiku. Mkondo ni wa wastani, mshipi unasimama wima, na chubwi (risasi ya kuzamishia mshipi) ndogo inatosha. Tarehe 5 hadi 8 zina faida ya pili: mwezi wenyewe unakuwa magharibi jioni, ukikupa mwanga wa kutosha kufunga ndoana. Hesabu hii ni ya makadirio, hivyo hakikisha kwenye jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam.

Wavuvi wengi watakwambia bamvua ndiyo yenye samaki, kwa sababu maji yanakimbia na samaki wanatembea. Ni kweli, lakini wao hawana kikao saa 2 asubuhi.

Hatua ya 2: Tazama upepo

Rasi ya Msasani inaikinga ghuba upande wa mashariki na kusini, na mdomo wake unatazama kaskazini. Ndiyo maana wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, bahari ya nje ikiwa imechafuka, ndani ya ghuba mara nyingi panavulika. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ndiyo ya kuogopa huku: upepo wa alasiri unaingia moja kwa moja mdomoni na kuinua mawimbi mafupi ya kurusha maji chomboni. Ukiona nje mapovu meupe saa 10, ahirisha. Wakati wa masika, baada ya mvua kubwa, kaa mbali na mlango wa mto Mlalakuwa. Maji huwa ya tope na yamebeba uchafu wa mjini.

Hatua ya 3: Andaa mshipi na chambo

Mshipi wa nailoni wenye unene wa milimita 0.5 au 0.6 unatosha. Zungushia kwenye kibao, si mkononi. Mwishoni kabisa funga chubwi ya risasi, gramu 50 hadi 100. Juu yake, kwa umbali wa shibiri mbili mbili, funga vigwe (vipande vifupi vya mshipi) viwili vya ndoana, kila kigwe kisizidi shibiri moja. Vikiwa virefu vitajisokota kwenye mshipi, na utapoteza jioni ukifumua mafundo. Ndoana iwe ndogo: changu na chaa wana midomo midogo kuliko watu wanavyodhani, na ndoana ndogo yenye ncha kali humnasa hata samaki mkubwa. Jaribu ncha kwenye ukucha. Ikiteleza, inoe au itupe.

Kata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, ukivalishe kidole cha shahada. Kolekole akikimbia na mshipi, nailoni hukata ngozi kama wembe.

Chambo kinunuliwe kibichi. Ukitoka ofisi za Posta au Kivukoni, soko la samaki la Feri liko njiani: nunua kamba wadogo na ngisi mmoja. Kamba huliwa haraka na kila samaki, lakini hata vidagaa humnyofoa. Ngisi, ukimkata vipande vyembamba vya urefu wa kidole, hukaa kwenye ndoana muda mrefu. Weka kamba kigwe cha juu na ngisi cha chini. Chambo kikae kwenye barafu tangu sokoni; kikishaanza kunuka utapata bunju na mikunga zaidi ya changu.

Hatua ya 4: Elewana na nahodha

Kama huna chombo, nenda mapema ukaongee na wavuvi wa Msasani. Salamu kwanza, kisha taja mambo matatu wazi: bei, saa ya kurudi, na nani anachukua samaki. Kwa kawaida nahodha hupata fungu lake la samaki hata kama umelipia chombo, na ni haki yake. Jaketi la kuokolea kwa kila mtu, tochi ya kichwani, kata ya kukumbia maji, simu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Mwambie mtu wa nchi kavu mnakwenda wapi na mnarudi saa ngapi. Leseni ya uvuvi ulizia ofisi ya uvuvi ya manispaa.

Msimshawishi nahodha mwende kuvua Bongoyo. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini na miamba yao ni maeneo tengefu tangu mwaka 1975. Baruti imeshavunja miamba mingi ya pwani hii. Hiyo michache iliyobaki ndiyo kitalu cha samaki tunaowavua sisi huku ndani, na inaniuma kumwona mtu akitupa mshipi pale.

Hatua ya 5: Tafuta ukingo

Hutaki mchanga mtupu, wala hutaki jabali tupu. Changu huzunguka pale mchanga unapokutana na mwamba au majani ya bahari: anapumzika upande mmoja, anakula upande wa pili. Kwenye jabali lenyewe utapoteza chubwi moja baada ya nyingine.

Piga bildi, yaani pima chini ya bahari kwa chubwi. Shusha chubwi polepole, iguse chini, inua kidogo, iache iguse tena. Jabali linagonga mpaka unahisi kidoleni. Mchanga unapokea chubwi taratibu, na tope linaing'ang'ania. Ukiwa na shaka, bandika kipande cha sabuni chini ya chubwi, ishushe, kisha itazame: chembe za mchanga zitakuwa zimenata. Ukishapata ukingo, tia nanga upande wa mchanga ili usivunje matumbawe, na uachie kamba ya nanga angalau mara tatu ya kina. Chombo kitageuza omo (sehemu yake ya mbele) kuelekea mkondo, na mishipi yenu itakwenda nyuma, kwenye ukingo. Hakikisha umetulia kabla jua halijazama. Linazama mnamo saa 12 na robo mwezi Juni, na karibu saa 1 kasorobo mwezi Februari.

Kisha panga alama mbili za nchi kavu, moja mbele ya nyingine, na nyingine mbili upande wa pili. Chagua zenye taa, ili usiku ujue kama nanga inaburuta.

Hatua ya 6: Vua, usihamehame

Acha chubwi iguse chini, inua shibiri moja, tulia. Mshipi upite juu ya kidole chenye mpira. Midonoo midogo ya harakaharaka ni vidagaa au chaa, usiijibu. Changu hudonoa mara mbili tatu, halafu huvuta kwa uzito. Hapo ndipo unainua mkono mara moja kwa nguvu, kisha unavuta bila kulegeza. Ukilegeza anarudi kwenye mwamba, na hapo umempoteza.

Dakika 20 kabla na baada ya jua kuzama ndizo zenye pilikapilika. Vibua hupanda juu na kolekole huja kuwafukuza. Weka mshipi mmoja usio na chubwi, wenye kipande kirefu cha ngisi, uelee nyuma ya chombo. Giza likishashika changu wanaendelea kula, na ukiwasha taa pembeni mwa chombo ngisi wanaweza kusogea. Watu wengi hufungasha wakati huu; wakae nusu saa zaidi.

Hamisha nanga mara moja tu, kama nusu saa imepita bila mdonoo wowote.

Hatua ya 7: Mkono usiende kabla ya tochi

Mulika kila samaki kabla ya kumshika. Tasi ana miiba yenye sumu mgongoni na tumboni, na hongwe ana mmoja mgongoni na mmoja kila ubavu. Ukichomwa, ingiza mkono kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, mpaka maumivu yapungue. Chupa ya chai safarini ina kazi hiyo pia. Maumivu yakizidi au uvimbe ukipanda, nenda hospitali. Bunju asiingie kwenye mtungo hata kidogo: sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Mkunga mkubwa, mkatie kigwe aende zake.

Changu aliye mfupi kuliko shibiri mrudishe majini akiwa bado na nguvu. Wanaobaki wapige kichwani, uwatoe damu kwenye mashavu, na uwaweke kwenye barafu iliyochanganywa na maji ya bahari. Hupoa haraka kuliko kwenye barafu isiyo na maji, na nyama haitepeti.

Hatua ya 8: Rudi kwa saa mliyopatana

Ng'oa nanga saa 2 na nusu hata kama wanakula. Ufukweni gawa fungu la nahodha kwanza, naye achague. Samaki watoe matumbo hapo hapo kwa maji ya bahari. Nyumbani suuza mshipi na ndoana kwa maji yasiyo ya chumvi, uanike kibao kivulini, kwa sababu jua huifanya nailoni kuwa dhaifu. Kisha andika kwenye daftari: tarehe ya mwezi, saa mliyotia nanga, alama za mahali, na chambo kilicholiwa. Kama unataka kurudi kesho yake, ongeza dakika 50 kwenye saa za maji kabla ya kumpigia nahodha.