Jinsi ya kurekodi mtaa wako kabla haujabomolewa

Kama umekulia Eastlands, Nairobi, unaona vile nyumba za zamani za kanjo, yaani za serikali ya jiji, zinaisha. Pangani ya kale ilishabomolewa zikasimama ghorofa, na siku hizi kijana wa Jericho anaweza kukutajia timu zote za London lakini hajui babu yake aliipataje ile nyumba. Hiyo inaniuma sana. Basi anza kuurekodi mtaa wako mwenyewe, simu inatosha.

Anza na wazee, usingoje. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, so walioingia wakiwa watoto sasa ni wazee kabisa. Beba mkate na maziwa, salimia vizuri, kaa kwanza, na uombe ruhusa kabla hujawasha rekoda. Usimwambie shosho akupe historia, atasema yeye hajui kitu. Muulize maji mlikuwa mnachota wapi, kodi ilikuwa pesa ngapi, jirani alitoka wapi na watoto walikuwa wakigombana kwa lugha gani, nani alileta TV ya kwanza na nani alikuwa anafukuzwa dirishani. Akitoka nje ya stori mwache tu aende, huko ndiko utapata yale hukujua hata kuuliza.

Na tafadhali usirekodi mambo ya kienyeji peke yake. Nairobi yenyewe ilianza 1899 kama kituo cha reli, kila mtu alikuja na chake, kwa hivyo mitumba ya Gikomba, maduka ya Eastleigh na nganya (matatu zilizopambwa) zenye sura za marapa wa Marekani, hizo zote ni sisi. Uliza nani alichora hiyo nganya, ilikuwa ruti gani, kwa nini alichagua hiyo sura. Sheria za matatu za 2004 zilifuta michoro zikaleta mstari wa njano, so ukikuta picha ya matatu ya kabla ya hapo kwa albamu ya mtu, ipige hapo hapo na uandike mwaka na majina.

Maktaba ya McMillan ina matawi Kaloleni na Makadara, na faili za zamani ziko Kenya National Archives pale Moi Avenue. Nenda ukijua jina la mtaa na miaka unayotafuta, la sivyo utazama kwa makaratasi.

Ukimaliza weka kopi kwa flashi, nyingine ipelekee familia ya huyo mzee, ni sauti ya mtu wao.