Namna ya Kufungua Majina ya Kale ya Vipimio vya Kiingereza

Mwaka wangu wa tatu katika kazi ya kutafsiri nililetewa ripoti ya zamani ya wapima ardhi wa Kiingereza waliopima barabara za India. Katika ukurasa mmoja neno perambulator lilitokea mara tano. Nililijua kama kigari cha kumsukumia mtoto mchanga, nikaliandika hivyo mara zote tano. Mhariri akanirudishia ukurasa ule na swali moja pembeni: kigari cha mtoto kinapimaje maili?

Perambulator ya wale wapimaji ni gurudumu lenye mpini na saa ya kuhesabia mizunguko. Jina limetokana na Kilatini, ambulare, kutembea. Mtu analisukuma barabarani, gurudumu linahesabu. Mengi yalitengenezwa yawe na mzingo wa futi 8 na inchi 3, kama mita mbili na nusu, kwa hiyo mizunguko 640 ni maili moja kamili. Maana ya kigari cha mtoto ilikuja baadaye, katika karne ya 19. Tangu siku hiyo neno la kipimio silitafsiri kabla sijalifungua, hata likiwa neno ninaloliona kila wiki. Ninavyolifungua ni hivi.

Anza mkiani. Majina mengi ya vipimio yana mkia wa Kigiriki, na mkia ndio unaokuambia kifaa kinafanya nini. Meter ni kupima, scope ni kutazama, graph ni kuandika. Chukua kichwa kimoja, baro, kilichotoka kwenye baros, yaani uzito. Baroscope inakuonyesha tu kwamba uzito wa hewa umebadilika. Barometer inakupa namba. Barograph ina kalamu inayochora mstari kwenye karatasi iliyozungushiwa pipa dogo, asubuhi ukaone usiku kucha hewa ilikwendaje. Mtafsiri anayeandika baromita mahali pote pale amemnyima msomaji habari mbili kati ya tatu. Mimi hutenganisha: kionyesha, kipima, kiandika. Lugha yetu ina ki- ya vifaa, na inaifanya kazi hii bila taabu.

Ukishaukata mkia, kitazame kichwa, na ujiulize ni cha Kilatini au cha Kigiriki. Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa sababu wasomi wa Ulaya wa zamani walisomeshwa lugha hizo mbili na kila mmoja alichota alikopenda. Utakutana na pluviometer, ombrometer, hyetometer na udometer. Unaweza kudhani ni vifaa vinne. La kwanza linatokana na pluvia, mvua kwa Kilatini. La pili na la tatu yanatokana na ombros na hyetos, mvua kwa Kigiriki. La nne linatokana na udus, Kilatini cha kitu kilicholowa. Vyote vinne ni chombo kilekile kinachokinga mvua uwanjani ili ipimwe kina chake. Andika kipima mvua mara zote nne. Niliwahi kuona tafsiri iliyobuni majina manne ya Kiswahili, na msomaji maskini akabaki anatafuta tofauti isiyokuwepo.

Lakini kichwa nacho kinaweza kukudanganya, kwa hiyo usikiamini mpaka ujue waliokibuni walikuwa wanafikiri nini. Eudiometer ndiyo mfano ninaowapa vijana wote wanaokuja kujifunza kwangu. Kwa Kigiriki eudios ni hali ya hewa tulivu na njema. Ukilifungua kwa maneno peke yake utapata kipima utulivu wa anga, ukitie karibu na kipima upepo, na utakuwa umekosea. Katika karne ya 18 wataalamu waliamini kwamba hewa ya mahali pamoja ina wema kuliko ya pengine, na wema huo ungeweza kupimwa ndani ya mrija wa kioo. Marsilio Landriani wa Italia akakipa kifaa hicho jina. Kumbe walichokuwa wanapima ni oksijeni. Mwaka 1783 Henry Cavendish, mwanasayansi wa Kiingereza, alitoa matokeo ya kulinganisha hewa ya London na ya Kensington, wakati huo kijiji nje ya jiji, na alikuta ni sawasawa. Imani ikafa, jina likabaki. Kwenye maandishi ya mwanzo mimi huandika kipima wema wa hewa, kwa kuwa ndivyo mwandishi alivyoamini. Kwenye maandishi ya kemia ya baadaye ni mrija wa kupimia gesi. Ndiyo maana mwaka wa maandishi nautafuta kabla ya kufungua kamusi.

Clepsydra nayo haina mkia wa kupima hata kidogo. Kwa Kigiriki ni kuiba na maji, mwizi wa maji: saa ya kale iliyopima muda kwa maji yanayovuja kidogo kidogo kutoka chomboni. Tafsiri ya matumizi ni saa ya maji. Mahali panaporuhusu maelezo naongeza maana ya jina, kwa sababu ni jina zuri na msomaji ana haki nalo.

Mojawapo lilinipa furaha ambayo bado ninayo. Cyanometer, kutoka kyanos, rangi ya buluu iliyokolea. Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva alitengeneza duara la karatasi lenye vipande 53, kuanzia nyeupe, buluu ikizidi kukolea hadi nyeusi, mtu aliinue mbele ya mbingu aone kipande kipi kinafanana nayo. Ilikuwa mwaka 1789. Alexander von Humboldt, msafiri na mwanasayansi wa Kijerumani, akaja kuibeba hadi Amerika ya Kusini. Nilikaa na neno hilo siku mbili. Kipima buluu kilikuwa sahihi, lakini kikavu. Kisha nikakumbuka kwamba sisi tuna samawati, neno lililotoka kwa Waarabu, kwao samawati ni mbingu zenyewe. Kipima samawati kinataja rangi na kitu kinachopimwa kwa neno moja. Kigiriki hakikuweza hilo.

Sasa majina yasiyo na mkia wa Kigiriki. Ukiona neno linaanza na al, shuku Kiarabu. Alidade, rula inayozunguka juu ya astrolabu, kifaa cha kale cha kupimia nyota, ili mtu aelekeze jicho kwenye nyota, ni al-idada, jamaa ya adud, mkono kati ya bega na kiwiko. Caliper, kifaa cha miguu miwili cha kupimia unene, haionyeshi asili yake, lakini ifuate nyuma: calibre, upana wa mtutu wa bunduki, nyuma yake qalib ya Kiarabu, umbo la kumiminia madini. Fundi wa Kiswahili analo neno hilo tayari, ni kalibu. Calibrate imetoka hukohuko.

Steelyard ndiyo mtego mkubwa kuliko yote. Kila mtu analikata steel na yard, chuma na yadi, akaandika yadi ya chuma. Ni mizani ya mkono mmoja mfupi na mmoja mrefu: mzigo unaning'inia kwenye mfupi, jiwe dogo linasogezwa kwenye mrefu mpaka zilingane. Yard hapa huenda ni neno la kale la fimbo, si yadi ya kipimo; wengine hulihusisha jina na mahali, Steelyard ya London, uwanja wa wafanyabiashara wa Hansa, umoja wa miji ya biashara ya Kijerumani, kando ya mto Thames, palipo leo stesheni ya Cannon Street. Malkia Elizabeth wa Kwanza aliufunga uwanja huo mwaka 1598.

Baada ya kufungua neno, nenda kwa watu wenye kifaa. Nilipopata galactometer, gala na lac zikiwa ni maziwa yaleyale kwa Kigiriki na kwa Kilatini, nilikuwa nimeshabuni kipima maziwa. Kisha nikaenda asubuhi kwenye kituo cha kukusanyia maziwa hapa karibu na Tanga. Mpokeaji alimimina maziwa kwenye silinda, akatumbukiza kijiti cha kioo, akainama macho yawe sawa na mstari. Kilizama kupita alama ya 28. "Laktomita imekataa," alimwambia mama mwenye ndoo, "haya yana maji." Nikafuta nilichobuni, nikaandika laktomita.