Kupata kazi kwenye viwanda vya dawa vya Raleigh na Durham bila shahada

Eneo la Raleigh, Durham na Chapel Hill, jimbo la North Carolina, Marekani, limekusanya viwanda na maabara tangu Research Triangle Park, eneo maalumu la utafiti na viwanda, ilipoanzishwa mwaka 1959. Novo Nordisk wako Clayton, Biogen wako ndani ya Park, Seqirus wanatengeneza chanjo za mafua Holly Springs, na Fujifilm ni jirani zao. Vyuo vikuu vitatu vya hapo hutoa wanasayansi kila mwaka. Lakini kiwanda huendeshwa na mafundi wa uzalishaji: anayepima unga, anayefungua valvu, anayesafisha tangi, na anayeandika kila alichofanya. Msemaji wa Kiswahili aliyefika hapa kutoka Kongo, Kenya au Tanzania anaweza kuifikia kazi hiyo bila kurudia miaka minne ya chuo.

Anza na BioWork. Ni kozi ya cheti ya saa zipatazo 130, nayo hutolewa na vyuo vya jamii kama Wake Tech, Durham Tech na Johnston. Kabla ya kujiandikisha, weka sawa cheti chako cha sekondari. Aliye na diploma ya serikali ya Kongo aitafsirishe, kisha aipeleke kwa taasisi ya tathmini iliyo mwanachama wa NACES, umoja wa taasisi za Marekani zinazotathmini vyeti vya nje. Usiache cheti halisi mikononi mwa mtu. Uliza kwanza kama nakala iliyothibitishwa inatosha.

Hesabu ifanyie mazoezi nyumbani, maana ndiko wengi wanakokwama. Mfano: unatakiwa kutengeneza lita 10 za soda kali (sodiamu hidroksidi) ya molari 0.5, yaani kipimo cha ukali wake, na uliyonayo ni ya molari 5. Zidisha 0.5 kwa 10, gawanya kwa 5, unapata lita 1. Tia kwanza maji kama lita 8, mimina humo hiyo lita moja polepole huku ukikoroga, iache ipoe, ndipo ujaze maji hadi mstari wa 10. Soda ndiyo huingia kwenye maji. Ukigeuza, joto hupanda ghafla na mchanganyiko unaweza kukurukia usoni.

Pipeti, kifaa cha kuvuta kimiminika kidogo kwa kipimo, nayo ina siri yake ndogo. Kitufe kina vituo viwili. Kibonyeze hadi cha kwanza ukiwa bado nje ya kimiminika, zamisha ncha milimita 2 au 3, achia taratibu, subiri sekunde moja, ndipo utoe. Kituo cha pili ni cha kumwagia tu. Anayevuta akiwa amebonyeza hadi cha pili huchukua kingi kuliko kipimo, wala jicho halioni. Jipime kwa mizani: mikrolita 1000 za maji kwenye nyuzi 20 ziwe na uzito wa karibu gramu 0.998. Rudia mara kumi. Namba zikiruka, kidole chako kinaachia haraka mno.

Kwenye chumba safi, yaani kile kinachozuiwa vumbi na vijidudu, vua saa, pete na vipodozi. Misuko mirefu ifungwe mapema iingie yote ndani ya kofia. Anayevaa mtandio aulize utaratibu kabla ya siku ya kwanza. Ovaroli ikigusa sakafu unapoivaa, chukua nyingine. Glovu hupuliziwa alkoholi ya asilimia 70. Iliyo kali zaidi hukauka upesi mno, tena maji yale ndiyo huisaidia kuua vijidudu.

Sasa kalamu. Hapa tunasisitiza kuliko pengine pote, kwa sababu mikono mizuri mingi imeponzwa na mwandiko. Viwandani humo kazi isiyoandikwa huhesabiwa haikufanyika, na kuna makosa ambayo sisi wasemaji wa Kiswahili tumezoea kuyafanya bila kujua:

- Saa. Fomu hutumia saa 24. Saa moja asubuhi ni 07:00. Ukiandika 1:00, rekodi inasema seli, yaani chembe hai zinazokuzwa ili kutoa dawa, zililishwa mapema kwa muda wa saa sita.
- Nukta na mkato. Aliyesoma kwa Kifaransa huandika 1,250 akimaanisha moja na robo. Mmarekani husoma elfu moja mia mbili hamsini.
- Namba 1 yenye mkia mrefu juu husomwa 7. Piga mstari mmoja wima tu.
- Tarehe. Wamarekani hutanguliza mwezi. Viwanda vingi huepuka utata huo kwa kuandika mwezi kwa herufi, kama 04MAR. Fuata mtindo wa fomu uliyopewa.

Ukikosea, usifute wala usipake rangi nyeupe. Piga mstari mmoja ili kilichoandikwa kiendelee kusomeka, andika kilicho sahihi pembeni, tia herufi za jina lako, tarehe na sababu. Usiandike kabla ya kutenda, na usirudishe tarehe nyuma hata kama aliyekuomba ni rafiki. Hilo hufukuzisha watu kazi.

Zamu nyingi ni za saa 12, mchana au usiku. Kutoka Durham hadi Clayton ni karibu kilomita 60, na usitegemee basi alfajiri. Panga gari au mwenzako wa kusafiri naye kabla ya kuomba kazi.

Kwenye matangazo tafuta “Manufacturing Associate” au “Process Technician”. Mikataba ya muda kupitia wakala ni mlango halali, usiidharau. Kwenye wasifu, usiandike tu “nilifanya kazi kiwanda cha bia”. Eleza tangi lilikuwa la lita ngapi, lilisafishwa kwa kutumia kitu gani, joto lilisomwa kila baada ya muda gani. Hamira na seli hutunzwa kwa nidhamu inayofanana.

Kwenye usaili karibu kila mara utaulizwa: umegundua umekosea hatua, utafanya nini? Jibu: nasimamisha kazi, namwita msimamizi, naandika kilichotokea. Usiseme utarekebisha mwenyewe kimyakimya. Bechi moja, yaani mkupuo mmoja wa uzalishaji, huanza na kichupa cha mililita moja kilichotoka kwenye nitrojeni ya kimiminika, hukuzwa kwa wiki kadhaa hadi kujaza tangi la maelfu ya lita, na dawa inayotoka humo huingia mwilini mwa mtu.