Kuyeyusha, kuhifadhi na kupika kuku kwa usalama katika joto la Dodoma

Katika nyumba nyingi za mjini, kuku aliyeganda hutolewa kwenye friza asubuhi, akaachwa kwenye sinki hadi watu warudi kazini jioni. Desturi hiyo ni ya hatari, kwa sababu nyama ya nje hupata joto la jikoni wakati tumboni mwake bado mna barafu, na bakteria wa Salmonella huongezeka upesi chakula kikiwa kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Nyama mbichi isikae nje ya friji zaidi ya saa 2, na joto likipita nyuzi 32, kama linavyoweza kufika hapa kabla ya mvua kuanza, isizidi saa 1.

Mhamishie kwenye friji yenye nyuzi 4 au pungufu siku moja kabla ya kumpika, akiwa ndani ya bakuli lenye kina, kwenye rafu ya chini kabisa, ili maji yake yasidondokee kachumbari wala matunda. Akishayeyuka, apikwe ndani ya siku 1 au 2.

Ukiwa na haraka, mfunge kwenye mfuko usiovuja, umzamishe katika maji baridi na kuyabadilisha kila baada ya dakika 30. Kuku wa kilo 1.5 huchukua saa 2 hadi 3, kisha apikwe papo hapo. Tatizo letu ni kwamba simtanki jeusi lililoshinda juani hutoa maji ya uvuguvugu mchana, kwa hiyo tumia yaliyokingwa alfajiri au tia vipande vya barafu.

Usimwoshe kuku mbichi. Najua ushauri huu utapingwa, lakini matone yanayoruka hupeleka vijidudu kwenye vyombo na nguo, na kinachoviua ni moto, si maji. Vinyoya vilivyobaki ving'olewe kwa mkono, kisha nawa kwa sabuni na uoshe ubao na kisu.

Kuku wa kienyeji wa Singida hana shida sana, maana bila kuchemshwa kwa muda mrefu hatafuniki. Wa kuangaliwa ni broila wa kuchoma: ngozi huwa ya kahawia mapema, ilhali kwenye kiungo cha paja bado kuna ubichi. Mkate vipande vidogo, umchemshe kwanza, kisha umpeleke mkaani moja kwa moja bila kumweka kando. Kipimajoto kikichomekwa penye nyama nene bila kugusa mfupa kinapaswa kusoma nyuzi 74. Rangi pekee haitoshi.

Kiporo kiingie friji ndani ya saa 2, kiliwe kabla ya siku 4 kupita, na kipashwe moto hadi mchuzi utokote. Umeme ukikatika, usifungue friza: iliyojaa hutunza ubaridi kwa takribani saa 48, iliyojaa nusu hutunza kwa saa 24. Kuku ambaye bado ana chembe za barafu anaweza kugandishwa tena. Aliyelainika na kupata joto kwa zaidi ya saa 2 atupwe, hata kama hanuki.